Mashine za Afande Hazizimiki

Bado wapo watu mtaani Kisenyi wanaomsifu Afande, yule fundi wa kompyuta, mbele yangu, na kila wanapomsifu nasikia kichefuchefu. Nasema hivyo bila kuzunguka. Nimemjua miaka tisa, nimekunywa chai yake, nimejifunza kwake mambo ambayo chuo changu cha Nairobi hakikunifundisha, na bado nikipita karibu na duka lake nageuza uso. Nina jirani yangu Kyebando, nesi, ambaye mtaa mzima unamwita Musawo, yaani tabibu. Alisimamishwa kazi, akawa karibu kunyang'anywa leseni, kwa kosa ambalo hakulifanya. Kosa lilifanywa na kompyuta iliyotoka mikononi mwa Afande. Afande alilijua hilo tangu siku ya kwanza, akafunga mdomo, akaendelea kusugua memori za watu kwa raba ya penseli.

Nianze na hiyo raba, maana ndiyo picha inayonijia nikimkumbuka. Duka lake lilikuwa nyuma ya vinu vya unga, na vumbi la mahindi liliingia kila mahali, kwenye feni za kompyuta, kwenye nyusi zake, kwenye chai. Alikuwa na sheria kali za usafi. Mteja haruhusiwi kula ndani, haruhusiwi kuweka mkoba mezani, haruhusiwi kugusa kitu kabla ya kunawa. Yeye mwenyewe alitafuna karanga kutwa nzima, akachokonoa meno kwa kile kisindano cha kutolea laini ya simu, akakipangusa kwenye suruali na kukiingiza kwenye simu ya mteja. Alilamba kidole gumba kabla ya kuchomoa memori. Aliyasugua meno ya shaba ya hiyo memori kwa raba, akapuliza, na makombo yakatua kwenye kikombe cha aliyekaa karibu. Mara nyingi aliyekaa karibu ni mimi. Nilikuwa nakunywa hivyo hivyo.

Alipata kuwa mwanajeshi, upande wa mawasiliano, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, kisichojali ngeli wala hisia za mtu. Siku niliyompelekea seva ya kampuni yetu, inayouza mchele na sukari kwa jumla mtaa wa pili kutoka kwake, hakunisalimu. Seva ilikuwa inajiwasha upya mara tatu kwa siku. Alifungua ubavu wake, akachungulia ndani kwa tochi.

"Nani nafungua hii kabla yangu?"

"Mimi, Afande."

"Kadi iko wapi?"

"Kadi gani?"

"Mgonjwa hapana kadi, wewe naleta kwa daktari aseme nini?"

Kadi hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya duka lake. Kila mashine iliyopita kwake ilibandikwa ndani kipande cha boksi la sabuni, na juu yake kwa kalamu ya wino ziliandikwa anwani za kurasa mbovu za memori, tarehe zilipogunduliwa, na herufi za jina la aliyezigundua. Fundi yeyote akifungua mashine lazima asome kadi kwanza, na akikuta ubovu mpya auongeze. Mafundi wengine wa Kisenyi waliiga. Hadi leo ukifungua kompyuta iliyochakaa mjini hapa unaweza kukuta kipande cha boksi chenye mwandiko wake uliolala upande.

Kwa asiyejua mambo haya, kompyuta hugawa memori yake vipande vidogo vinavyoitwa kurasa. Memori ikizeeka, ukurasa mmoja mmoja huanza kugeuza kilichoandikwa ndani yake. Kerneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo mzima, ikipata habari kwamba ukurasa fulani umeoza, kazi yake ni kuutenga kabla uharibifu haujasambaa. Kama kilichokuwemo kipo pia kwenye diski, hakuna hasara, kinasomwa upya na kuwekwa mahali pazima, na mtumiaji hajui kitu. Lakini kama ni maandishi mapya ambayo hayajafika kwenye diski, hakuna nakala popote. Hapo kerneli inaiua programu iliyokuwa ikiutumia ukurasa ule. Mtumiaji anaona dirisha limejifunga, anatukana, anaandika tena. Yale matusi ndiyo usalama wenyewe, kwa sababu mtu aliyetukana anajua kwamba kazi yake haikuhifadhiwa.

Afande aliyajua haya kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Aliichapisha kerneli kwenye karatasi, rundo linalofika magotini, akawa anaisoma kwa rula, mstari kwa mstari. Mke wake ni Mkatoliki, yeye ni Mwislamu, na kila Jumapili alimsindikiza mama huyo kanisani Lubaga, akakaa nje kwenye ukuta na karatasi zake mpaka misa iishe. Waumini walidhani anasoma sala. Ijumaa alifunga duka akaenda msikitini, na fungu la karatasi hizo hizo akalibeba kwapani.

Kutokana na kusoma huko aligundua jambo lililookoa mashine nyingi za mitumba. Kerneli hupenda kuunganisha kurasa ndogo mia tano na ushei kuwa ukurasa mmoja mkubwa ili kazi iende haraka. Katika mashine zile, ukurasa mdogo mmoja ukioza, ule mkubwa wote ulikuwa unatupwa pamoja nao. Afande aliandika mistari michache ya kuupasua ule mkubwa, kutenga kile kipande kimoja kilichooza, na kuzirudisha kazini zile nyingine zote. Aliongeza pia mistari ya kuifanya kerneli isome anwani alizonakili kutoka kwenye kadi kila inapowaka, kwa sababu ikizimwa huwa inasahau ilichotenga jana.

"Tupa moja," alikuwa anasema, "zingine iko kazi."

Seva yetu, ambayo bosi alishaagiza iuzwe kama chuma chakavu, ilifanya kazi miaka minne zaidi. Nilijiona mtu mwenye bahati kumjua Afande. Nilipeleka kila mtu kwake.

Nisimwonee. Kipindi kile alikuwa mkweli kiasi cha kuudhi. Nilimwona akimwambia mzee wa Kisomali mwenye duka la vitambaa, mbele ya watu: "Hii kompyuta yako iko kurasa nane nakufa. Wewe nataka, chukua. Hapana taka, wacha." Mzee akarudi wiki iliyofuata kulalamika kwamba programu inajifunga. Afande hakuomba radhi. "Hiyo ndio mashine nasema kweli," alimjibu. "Siku nanyamaza, ndio wewe uogope." Nilidhani ni maneno mazuri sana. Niliyaandika kwenye daftari langu, nikayarudia ofisini kama vile ni yangu.

Kilichomharibu ni sifa. Mchoraji mmoja wa mabango alimchorea ubao wa kutundika mlangoni, herufi nyekundu zenye kivuli: MASHINE ZA AFANDE HAZIZIMIKI. Hakuwa ameuomba. Mwanzoni aliucheka. Baadaye nilimkuta akiupangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, kila asubuhi, yeye ambaye hakuwahi kupangusa meza. Watu wakaanza kuja kutoka Ntinda na Entebbe kwa sababu ya ule ubao. Na mteja aliyekuja kusema programu imejifunga, Afande hakumwambia tena habari za mashine inayosema kweli. Alinuna, akageuka upande, kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

Siku moja aliniita, akaniwekea karatasi mbili na rula.

"Injinia, soma."

Nilisoma. Pale ambapo kerneli ilipaswa kuiua programu, alikuwa ameweka kitu kingine. Ukurasa wenye maandishi mapya ukioza, programu inapewa ukurasa mwingine, mweupe, wenye sifuri tupu, na inaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Pale ambapo kerneli ilipaswa kuandika taarifa ya tukio, alikuwa amefuta.

"Afande, kilichokuwa kwenye ukurasa kimekwenda wapi?"

"Kimekufa. Hata mimi naua programu, hiyo maandishi nakufa tu."

"Lakini programu haijui. Itahifadhi hizo sifuri kwenye diski."

"Mteja pia hapana jua. Iko furaha."

Nataka nieleze vizuri kilichofuata, kwa sababu nimekuwa nikimsema mwenzangu tu. Wakati huo seva yetu ilikuwa inaifunga programu ya mauzo karibu kila Ijumaa, na kila Ijumaa bosi aliniita mbele ya makarani na kuniuliza nimesomea nini. Nilizisoma zile karatasi mara mbili. Nilielewa kila mstari. Nikajiambia kwetu ni mchele na sukari, sifuri ikitokea tutakwenda stoo kuhesabu magunia.

"Sawa," nilimwambia. "Weka na kwetu."

Ijumaa zikawa shwari. Miezi miwili baadaye mwenye kliniki ya Kyebando, anakofanya kazi Musawo, aliniuliza ni wapi atapata kompyuta imara ya kuwekea habari za wagonjwa. Nilimpeleka Kisenyi mwenyewe. Nilisimama chini ya ule ubao na kumsomea kwa sauti.

Musawo ni mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Watoto wangu wote wawili amewachoma chanjo. Dada mmoja fundi cherehani alifika kwake na kidonda, akamwambia kwamba penisilini humvimbisha koo. Musawo aliandika kwenye kompyuta, akampa dawa nyingine, dada akaenda zake. Baada ya miezi kadhaa yule dada alirudi na homa kali, Musawo akiwa mapumzikoni. Muuguzi wa zamu alifungua habari zake. Jina lilikuwepo, umri ulikuwepo, simu ilikuwepo. Sehemu ya mzio ilikuwa nyeupe, na kwenye kliniki ile sehemu nyeupe maana yake hana mzio. Akamchoma sindano. Walimkimbiza hospitali kubwa na boda, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma akimshikilia. Alipona, baada ya siku nne ambazo mama yake hatazisahau.

Mwenye kliniki alitazama kompyuta, akaona aliyefungua habari zile mara ya kwanza ni Musawo, na sehemu iko tupu. Akamwambia aende nyumbani angoje kikao cha baraza la wauguzi. Mtaani habari zikatembea haraka. Wanawake aliowazalisha wakawa wanavuka barabara.

Alikuja kwangu jioni moja, akasimama kwenye baraza, hakutaka kiti.

"Mimi niriandika," alisema. "Mtoto wa yule dada alikuwa anavuta waya, nikamshika kwa mkono mmoja, nikaandika kwa mwingine. Niriandika penisirini, nikabonyeza, ikasema imehifadhi. Wewe ni mtu wa kompyuta. Inaweza kufuta yenyewe?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza.

"Nitaangalia, Musawo," nilimwambia.

Kesho yake nilikwenda Kisenyi. Nilimweleza Afande yote, bila kukatiza, na yeye akanisikiliza akichokonoa meno. Nilipomaliza alitazama ncha ya kile kisindano, akakipangusa.

"Mashine hapana andika kitu," alisema. "Hakuna ushahidi."

"Hakuna kwa sababu uliufuta."

"Huyo mama avumilie. Hii mambo napita."

Nilitoka nje, nikaegemea ukuta wa kinu cha unga. Nilikuwa nimekaa miaka yote ile nikimwona mchafu wa mikono nikamsamehe kwa sababu ya akili yake. Sasa akili yenyewe ndiyo iliyokuwa inanuka.

Kisha akafanya jambo lililonichefua zaidi. Ndani ya wiki mbili alizunguka kwa wateja wake wote, amepanda boda na begi lake la bisibisi, akawaambia anatoa huduma ya bure. Aliiondoa ile mistari ya ukurasa mweupe kwenye kila mashine. Alikuja na kwetu. Alifanya kazi kwa haraka na kwa unadhifu, akaongeza mstari kwenye kadi, hakuniangalia usoni wala mimi sikumwangalia. Wiki ile ile Ijumaa programu yetu ilijifunga, bosi akaniita, na nilifurahi kutukanwa. Kliniki aliwaletea mashine nyingine, ile ya zamani akaondoka nayo. Mwenye kliniki alimshukuru, akasema fundi mwenye moyo kama huyu hapatikani siku hizi. Kwa hiyo Afande alijua kabisa kwamba amekosea. Alikubali kusahihisha kila kitu isipokuwa jina la Musawo.

Na mimi je? Nilikuwa nikimwona Musawo kila Jumapili akifua ile sare yake nyeupe, akiianika uani, akiianua na kuipiga pasi, na Jumatatu haendi popote. Nilikuwa nikifunga dirisha la upande ule. Nilikuwa nimeamua kwamba anayepaswa kusema ni Afande, kwa kuwa aliyeandika ile mistari ni yeye. Nilimchukia kwa nguvu zangu zote, na chuki ile ilinisaidia kulala.

Siku moja kabla ya kikao nilikwenda Kisenyi tena, saa sita mchana. Umeme ulikuwa umekatika, vinu vimenyamaza, na duka lilikuwa tupu. Afande alikuwa amekaa mbele ya mashine iliyofunguliwa ubavu. Niliitambua kwa stika ya kliniki. Nilidhani alishaichinja na kuuza vipuri.

Nilimwambia kila nililokuwa nalo. Nilimwambia ni mchafu, kwamba uchafu wa vidole vyake ni afadhali kuliko wa moyo wake, kwamba amemla nesi wa watu ili ubao wake usishuke. Alitafuna karanga zake mpaka nikaishiwa pumzi.

"Namaliza?"

"Nimemaliza."

"Keti. Chukua kalamu. Mimi Kiswahili yangu hapana nyooka."

Niliketi. Alianza kutoa maneno taratibu, kama mtu anayetuma ujumbe wa redio, nami nikayaandika kwa Kiswahili kilichonyooka. Kwamba yeye ndiye aliyebadilisha kerneli. Kwamba ukurasa wenye maandishi mapya ukioza, mashine hii iliweka mweupe bila kumwambia mtu. Kwamba ameipima memori, ameukuta ukurasa mbovu, na mashine yenyewe ipo, tayari kuonyeshwa mbele ya kikao. Kwamba Musawo aliandika, na mashine ikafuta. Akatia sahihi kwa mwandiko wake uliolala upande.

"Kwa nini hukusema siku ile?" nilimuuliza.

"Mimi nangoja wewe. Barua ya mtu moja, watasema mzee wa Kisenyi nachanganyikiwa."

Sikumwamini, na mpaka leo simwamini. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kuikunja karatasi. Akaishika upande wake.

"Bado. Nani naleta kliniki hapa?"

"Mimi."

"Nani nasoma hii kitu kabla ya kliniki kuja?"

Niliikunjua tena karatasi. Kisha nikaandika kwamba mtaalamu aliyeishauri kliniki alikuwa na taarifa za awali kuhusu mabadiliko hayo. Afande aliweka rula chini ya mstari ule, akausoma, akatikisa kichwa.

"Hapana. Andika kama mtu nasema kwa mtu."

Nilikata mstari. Nikaandika: Nilisoma karatasi hizi mwenyewe, nikaelewa zitafanya nini, nikasema sawa, halafu nikawapeleka kliniki kununua mashine. Nikatia sahihi. Nilimtazama Afande, unga kwenye nyusi, karanga kwenye pembe ya mdomo, na nilikuwa bado nachukizwa naye kama nilipoingia. Haikunisaidia kitu tena.

Alasiri niliipeleka barua. Musawo alifungua mlango, akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma akiwa amesimama pale pale kizingitini. Alipofika kwenye mstari wangu alirudi juu, akaanza upya.

"Siku ire nirikuuliza," alisema, "uliniambia utaangalia."

"Ndiyo, Musawo."

"Ukaangalia nini?"

Aliikunja barua mara mbili, akanishukuru kwa kuileta, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akafunga mlango.